Chokaa ya Nyumba Yetu Haitoki

Jumapili, 2 Machi

Nimeaibishwa. Mbele ya kanisa zima, na mama yangu yuko benchi la tatu!

Mwezi uliopita nililipaka kanisa letu chokaa, ndani na nje, peke yangu, na mgongo huu huu. Leo Mchungaji, yule mzee anayesoma kwa kidole na kukohoa kila mstari, amesimama kuhubiri habari za manabii wa uongo. Vizuri. Nikaegemea nyuma nisinzie kidogo. Mara nasikia anasema nabii wa uongo ni kama mtu aliyekuta ukuta mbovu, badala ya kuubomoa akaupaka chokaa isiyokorogwa vizuri, ukapendeza, kisha mvua ikaja. Chokaa isiyokorogwa vizuri! Usingizi ukaruka. Huyo ni mimi! Amenitaja bila kunitaja.

Seremala akageuka kunitazama. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya jengo, na tangu ujana wetu anangoja niteleze. Mke wangu akakohoa kile kikohozi chake. Nikatazama bega la koti langu jeusi, nikaona jeupe. Nilikuwa nimeegemea ukuta.

Sasa niandike kweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Gundi iliniishia. Chumvi ya kushikisha chokaa mke wangu aliirudisha jikoni nami sikuidai. Kuchuja nilichuja nusu pipa, mikono ikachoka. Lakini hayo ni mambo ya ufundi, si ya mimbarini. Mwisho Mchungaji akasema, kama kila Jumapili, kwamba huenda amekosea mahali, twende nyumbani tukasome wenyewe, na atakayeona kosa amsahihishe. Mchungaji gani anasema huenda nimekosea? Nimechoka naye. Nahama.

Jumatatu, 3 Machi

Nimengoja aje kunitaka radhi. Hakuja. Nikakutana naye kwenye kona ya duka la dawa, akaniuliza presha ya Mama inaendeleaje, na kama vidonge vyake bado vinapatikana. Chokaa hakuitaja hata kidogo. Ujanja wa hali ya juu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Mchana nikasikia kuna Nabii amekodi ghala la zamani nyuma ya soko, na anatafuta fundi wa kulipaka kabla ya Jumapili. Nikaenda, ila si kichwakichwa. Mimi siingizwi mkenge hivi hivi. Nilikwenda kumpima kwanza. Ni kijana mtanashati, na viatu vyake vinang'aa hadi mtu angeweza kujinyolea ndevu humo. Nikamuuliza ghafla, ana kwa ana, anawaonaje watu wa chokaa. Akafumba macho. Akasema kupaka na upako ni neno moja, na mpakaji ndiye kuhani wa kwanza wa nyumba, maana huingia kabla ya wote. Machozi yakanilengalenga. Miaka thelathini juu ya ngazi, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo! Mtihani ameshinda. Huyu ni wa kweli.

Ameniahidi kiti cha mbele. Viti vingine vyote ni plastiki tupu, lakini sita vya mbele vina mito myekundu.

Jumanne, 4 Machi

Mama hataki kuhama. Anasema kanisa lile ndiko alikozikwa mumewe, na Mchungaji ndiye aliyechimba kaburi pamoja na wanaume wengine, koti amelitundika mtini. Nikamwambia aje Jumapili moja tu, kuona kazi ya mwanawe. Uso ukafunguka papo hapo. Akauliza ukuta una ukubwa gani. Akauliza nitaurudia mara ngapi, mikono mingapi. Nikasema mitatu.

Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Akasema, bila kuinua kichwa, sikio la kufa halisikii dawa. Nilidhani anasema habari za vidonge vya Mama, nikamwambia Mama anameza vizuri sana. Akaendelea kumenya.

Alhamisi, 6 Machi

Ukuta wa ghala una unyevu. Ukiukandamiza kwa kidole unatoa jasho. Marehemu Baba, aliyenifundisha kazi hii, asingeugusa kabla ya kuukwangua wote na kuuacha ukauke wiki mbili. Halafu chokaa ilale ndani ya maji siku nzima, ichujwe mara mbili, itiwe chumvi, itiwe gundi, ipakwe mikono mitatu. Mama anazijua hatua hizo kama sala. Lakini Baba hakuwahi kufanya kazi kwa Nabii mwenye haraka. Nilipomweleza Nabii habari ya kukwangua, akasema imani haikwangui. Nikaona ni kweli. Mgongo nao ukakubali.

Basi nimekoroga kwa kijiti, nikapaka mkono mmoja mzito, panapoonekana. Nyuma ya spika sikupaka.

Na nimkute nani pale? Seremala! Anatengeneza mimbari. Nikamuuliza kama naye amehama. Akasema hajahama, kazi ni kazi. Kisha akapitisha kidole kwenye ukuta wangu, akakitazama, akakipuliza. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Jumapili, 9 Machi

Mambo ni mengi leo. Naandika polepole.

Nilikwenda na Mama. Mke wangu alikataa. Alisema mtu anayekataza kuulizwa ana sababu zake, na kwamba pale mlangoni pa ghala ameona bango limeandikwa: SHAKA IACHE NJE. Bango mimi nililipenda. Herufi zake zimenyooka.

Watu walijaa hadi madirishani. Joto! Kuruka, kulia, kupiga makofi, kuanguka. Na kila aliyeanguka aliushika ukuta kwanza. Nikaona mgongo wa kwanza mweupe. Nikaona wa pili. Nikaona mama mmoja mwenye gauni jeusi, yuko kama aliyetoka kusaga unga. Jamani! Nikaanza kulipima dirisha kwa macho, lakini kwa tumbo hili nisingepita. Vumbi likaelea kwenye mwanga. Likafika hadi kwenye mkono wa suti ya Nabii. Akautazama. Akanitazama mimi. Akanyamaza kama nusu dakika, na katika nusu dakika ile nilitubu dhambi zangu zote isipokuwa hiyo ya chokaa.

Kisha akapaza sauti kwamba utukufu umeshuka! Vumbi la utukufu! Ghala zima likapiga yowe.

Nikashusha pumzi. Mambo yangeishia hapo ningekuwa mtu mwenye raha. Lakini Mama akainuka na mkongojo wake, akaomba kipaza sauti. Akasema yeye ni mjane wa fundi chokaa. Akasema ukuta huu ameupaka mwanawe, aliyefundishwa na baba yake, na kwa miaka hamsini chokaa ya nyumba yetu haitoki. Unaweza kuusugua ukuta wetu kwa gauni la arusi! Kwa hiyo, akasema, hii si chokaa. Hii imetoka juu. Hata wale waliokuwa wakijipangusa kwa wasiwasi wakaacha.

Wakanikalisha kwenye kiti chenye mto. Mama akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu siku ya arusi yangu. Mto wenyewe una kitu kigumu katikati.

Jumatatu, 10 Machi

Nabii ameniita. Alifunga mlango, akaniuliza kama ni kweli chokaa yangu haitoki. Nikasema haitoki. Akasema hilo ni jibu zuri. Tukautazama ukuta, sote wawili, kwa muda. Tulielewana, ila sitaki kuandika tulielewana nini.

Anataka niongeze mkono wa pili, vilevile kama wa kwanza, nisibadilishe chochote. Ni mara yangu ya kwanza kusikia mteja anaomba hivyo. Vumbi lenyewe sasa linakwanguliwa na kufungwa kwenye vipande vya karatasi, watu wanakoroga kwenye maji wanakunywa. Nikamuuliza, kwa heshima, kama kunywa ni salama. Akaniuliza kama anayeuliza ni mimi au ni roho ya shaka. Nikasema ni roho ya shaka. Akaikemea ikatoka. Kusema kweli nilijisikia mwepesi kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Balaa.

Mke wangu amenionyesha chupa ya vidonge vya Mama. Haijaguswa tangu Jumapili. Asubuhi na jioni Mama anakoroga kijiko cha vumbi kwenye kikombe. Kijiko cha ukuta wa ghala! Mwaka jana muuguzi alituonya kwamba dawa ile si ya kuruka hata siku moja, presha itapanda imwangushe. Mke wangu akaniambia niende nikamwambie Mama kweli yote. Mama, ile ni chokaa yangu mbovu. Maneno sita tu, akasema. Akayahesabu kwa vidole.

Nikaenda. Nikamkuta ameketi mlangoni kwake na majirani wawili, anawasimulia jinsi Baba alivyonishika mkono nikiwa na miaka minane, akinifundisha kukoroga bila kuacha mabonge. Akakichukua kiganja changu akawaonyesha kama anaonyesha cheti cha shule. Mficha uchi hazai, najua, najua. Lakini nani angefungua mdomo pale? Nikasema nimekuja kuchukua ngazi.

Jioni nikamrudia kwa njia nyingine. Nikamwambia nimesikia vumbi hufanya kazi vizuri zaidi likifuatana na vidonge. Akasema Nabii amefundisha kwamba kushika viwili ni kukosa imani. Nikamwambia nimemwota Baba, ameniagiza nimwambie mkewe ameze dawa. Mama akacheka hadi akajifuta macho. Akasema huyo niliyemwota hakuwa Baba, maana Baba aliogopa vidonge kuliko nyoka, na alikufa hajameza hata kimoja. Ni kweli. Nilisahau.

Alhamisi, 13 Machi

Darasa la viongozi, mchana, watu wa mito tu. Nabii alisoma nusu ya mstari akafunga Kitabu. Mzee mmoja pembeni yangu akamwomba kwa upole amalizie ile nusu nyingine. Nabii akamtazama kwa huruma nyingi. Tuliporudi kutoka kunywa maji, mto wa yule mzee ulikuwa umeondolewa, amebaki na plastiki. Hakuna aliyeomba kitu tena.

Njiani nimekuwa nikijaribu kukumbuka ile nusu ya pili. Mchungaji angeisoma yote, na iliyofuata, na akohoe katikati. Zamani ilikuwa inaniudhi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata! Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Vidonge nimevisaga kwa kitako cha chupa, kila kimoja peke yake, nikavichanganya na vumbi, nikafunga kwenye karatasi ileile ya Nabii. Kifurushi kimoja asubuhi, kimoja jioni, kama muuguzi alivyoandika. Mama anakunywa utukufu, dawa inaingia, hakuna aliyeumbuka. Nilianza jana na leo ameamka kichwa hakimuumi. Amefagia mwenyewe.

Mke wangu hakunipongeza. Akasema Nabii angalau anadanganya watu asiowajua. Akaniuliza nitasaga hadi lini. Nikamwambia hadi ipatikane nafasi nzuri ya kuzungumza. Akatoka kwenda kuanua nguo. Nimechoka. Natamani mtu mmoja tu katika nyumba hii aone ukubwa wa kazi ninayoifanya.

Jumapili, 16 Machi

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Mama ametoa ushuhuda. Wiki nzima bila kidonge na kichwa hakiumi! Akaichomoa ile chupa kwenye mkoba, mimi nilidhani iko kabatini, akaitupa kwenye kapu chini ya mimbari. Nabii akauliza nani mwingine. Wakaja. Akaja mwalimu mstaafu mwenye kisukari. Akaja mama wa pumu na kile kipulizio chake. Niliwahesabu kumi na wawili, wote wanapita mbele ya kiti changu, wengine wananipungia mkono. Kwa sababu ya dawa niliyoisaga mimi! Nikainuka niseme. Nabii akadhani nimeshukiwa na Roho, akanisukuma kwenye paji la uso, nikaanguka chali. Nililala pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sakafu ilikuwa ya baridi, na hakuna aliyetarajia niseme chochote.

Kisha akampa Mama zawadi, karatasi kubwa ya vumbi jipya, lililokwanguliwa leo leo. Vile vifurushi vyangu vilivyokuwa mkobani mwa Mama akavichukua, akasema vitawekwa kwenye kioo viwe kumbukumbu. Sasa chupa haipo na unga haupo. Kesho nitamwambia. Kesho kwa hakika.

Jumatatu, 17 Machi

Zahanati wamekataa kunipa vidonge vingine. Wanasema aje Mama mwenyewe wampime. Nikaenda kumwambia. Alikuwa anaimba. Nikatengeneza bawaba ya dirisha lake nikarudi nyumbani.

Jumanne, 18 Machi

Mama ameanguka.

Alikuwa anafagia mlangoni. Akaushika ukuta, akaketi chini taratibu, akataka kuniita, ulimi ukagoma. Nilipiga kelele. Aliyefika wa kwanza ni Seremala, kabeba mlango aliokuwa anampelekea mteja. Tukamlaza Mama juu ya mlango ule, yeye mbele mimi nyuma, mpaka hospitali. Njia nzima hakuniuliza kitu. Alisema tu nishike vizuri, upande wangu unashuka.

Nikamwacha Mama na muuguzi, nikakimbia kwa Nabii aje aombe. Alinisikiliza akiwa amefungua mlango nusu. Akasema imani ya Mama imepungua, labda kwa sababu ya mtu fulani nyumbani. Akasema huko hospitalini nisilitaje ghala. Halafu akaniuliza kama mkono wa tatu utakuwa tayari Jumapili. Mlango ulipofungwa nilibaki nimesimama. Hakuuliza hata Mama amelazwa wapi. Mtu huyu nilimwamini kwa sababu alinisifu, basi. Nimeliandika ili lisije likaniponyoka.

Niliporudi, Mchungaji alikuwa kwenye benchi la korido na chupa ya chai na vikombe vitatu. Hakuhubiri. Alinimiminia. Muuguzi akatoka upesi, akauliza mgonjwa amekuwa akitumia nini wiki hii, anayejua aseme. Seremala akanitazama. Nikasema chokaa. Akauliza chokaa gani. Nikasema yangu.

Jumatano, 19 Machi

Ulimi umerudi. Mkono wa kushoto bado mzito. Muuguzi anasema tumewahi, tusithubutu tena.

Nimeketi kando ya kitanda nikasema yale maneno sita. Mama akaniuliza, kwa shida, kama chumvi niliweka. Nikasema sikuweka. Gundi? Iliisha. Nilichuja? Sikuchuja, Mama. Ukuta niliukwangua? Nikatikisa kichwa. Akanigeuzia kisogo, akatazama ukuta wa hospitali. Rangi ya mafuta, mikono mitatu, kazi safi. Nikalia, na sioni haya kuandika. Nilimwambia nilishindwa kusema kwa sababu alisimama akanisifu mbele za watu, na sikutaka apoteze lile jicho.

Akasema yeye yule kijana wa viatu hakumwamini hata siku moja. Mtu anayeombea wagonjwa bila kuwauliza wanaumwa wapi, alisema, utamwamini wa nini? Aliniamini mimi. Mimi ndiye niliyemwambia mwaka hata mwaka kwamba nakoroga kama Baba. Kama chokaa yangu haitoki, basi lile vumbi lilikuwa la Mungu, hakuwa na jibu jingine.

Nikamfunika shuka hadi mabegani.

Baadaye akanyoosha kiganja apewe kidonge. Alipokwisha kumeza akaniagiza niende nyumba kwa nyumba kwa wale kumi na wawili, niwaambie ukuta ule ni nini. Nikasema kesho asubuhi na mapema. Akasema kesho yangu anaijua, niondoke sasa hivi.

Alhamisi, 20 Machi

Nyumba tano jana, saba leo. Visigino vinawaka moto. Mchungaji alifuatana nami, na yeye ni mtu wa kupumzika kila nguzo. Maneno sita yakawa matano, maana Mama hayumo. Mama wa pumu alinirushia ndala. Wawili walisema nimetumwa na shetani. Mwalimu mstaafu aliniuliza kwa utulivu nilitia maji kiasi gani kwa mfuko mmoja, nilipomjibu akasikitika, akamwita binti yake amletee sindano yake ya akiba. Wamerudia dawa wote isipokuwa mmoja. Mchungaji anasema kesho tutarudi kwake, na kesho kutwa, tukae tu.

Ghala limefungwa. Nabii ameondoka na spika na ile mito sita. Mimbari ya Seremala ameiacha, ni nzito mno.

Njiani nilijipa moyo, nikamwambia Mchungaji kwamba yale mahubiri yake nimemsamehe. Akauliza mahubiri yapi. Nikamkumbusha. Akasimama katikati ya barabara akifikiri. Akasema kitabu kile anakihubiri sura kwa sura tangu mwaka jana, na Jumapili ile ilikuwa zamu ya sura ile. Ukuta hakuwa hata ameutazama, macho yake hayafiki huko. Akaniuliza kwa upole, kwani chokaa ina tatizo? Jambo hili limeniuma kuliko ndala, na sijui kwa nini.

Jumapili, 30 Machi

Mama alitoka hospitali Alhamisi. Anatembea kwa kushikwa, anameza vidonge mbele ya mke wangu, na mimi haniulizi kitu. Nimejitolea kulipaka kanisa upya. Seremala alinikabidhi chumvi na gundi mkononi, mbele ya mashahidi. Dharau ya wazi, lakini nimeimeza.

Kubwa ni hili: nimegundua nina karama. Karama ya kupambanua! Nani mwingine mjini hapa amekaa karibu na nabii wa uongo kuliko mimi? Wenzangu walidanganywa kwa mbali, kwenye plastiki. Mimi nilidanganywa kwenye mto. Elimu hiyo haifai kupotea. Naandaa semina: Mbinu Kumi na Nne za Kumtambua Mwalimu wa Uongo. Nimefika ya tatu. Ya kwanza ni viatu. Na tayari imefanya kazi, maana mwalimu mpya wa kwaya viatu vyake vinang'aa, nimeanza kumfuatilia. Kwa upande mwingine, juzi kwenye duka la rangi nimekutana na mhubiri msafiri, viatu vimechakaa hadi soli imefungua mdomo. Alinitazama mikono, akasema hajawahi kuona mikono yenye wito kama hii. Huyo ni wa kweli. Nimemwalika afungue semina.

Maandalizi hayo yamekula muda wa chokaa. Kukwangua nilikwangua upande wa mimbari. Chumvi niliweka. Gundi niliweka nusu, ile nyingine ilibandika matangazo. Kuchuja kunataka mtu asiye na mawazo. Mkono mmoja mzito, na jana jioni ukuta ulipendeza kweli kweli.

Leo kabla ya ibada Mama aliingia, mke wangu amemshika kiwiko. Hakwenda kwenye benchi lake. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akauwekea kiganja chote, kile cha kushoto kilicho kizito, akakitoa, akakitazama kwa muda. Seremala naye alikuwa anatazama. Kisha Mama akaja hadi niliposimama. Akanipitishia kiganja kile mgongoni, juu ya koti langu jeusi, polepole, toka bega hadi kiuno, mara tatu. Mke wangu akakohoa.

Nadhani alikuwa ananibariki.